Tatu ya Mlimani

1

Ujumbe ulikuwa tayari kwenye kioo Atuganile alipoingia chumba cha mapafu saa moja na nusu asubuhi.

*Kuanzia leo saa mbili, Uzi wa Saba utakaa ndani ya mapafu ya watoto wa nyanda za juu hadi sekunde mia moja na arobaini, badala ya tisini. Takwimu za miaka kumi na moja zinaonyesha kuwa watoto hawa wana uvumilivu mkubwa kuliko watoto wa maeneo mengine. Hongereni.*

Aliusoma mara mbili. Akavua koti la baridi, akalitundika, akanawa mikono, kisha akarudi kuusoma tena. Neno lililomsumbua zaidi lilikuwa lile la mwisho.

Uzi wenyewe ulikuwa umelala ndani ya sanduku lake la kioo, umejikunja, mwembamba kama utambi wa taa. Ulikuwa na kamera upande mmoja na kikucha kidogo cha kushikia. Ulijua njia. Uliingia kwa pua ya mtoto aliyelazwa kwa dawa, ukapita kooni, ukasubiri milango ya sauti ifunguke, ukateremka hadi kwenye matawi ya mapafu, bila mkono wa mtu kuugusa. Kila ulichokiona ulikipeleka Kituo Kikuu, na kila kilichotokea kwa mtoto mmoja kiliufundisha namna ya kuingia kwa anayefuata, awe Kigoma au Lindi.

Wafanyakazi wa Hospitali ya Itundulo waliiita mashine hiyo Mkwe. Sista Bupe, muuguzi wa usingizi, ndiye aliyeanzisha. "Unaikaribisha vizuri, unaipa kiti, unaongea nayo kwa adabu," alisema siku ilipoletwa na kufungwa. "Lakini ya ndani ya nyumba huiambii."

Watu walicheka. Atuganile naye alicheka wakati huo, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado haina la kuficha.

Alipoanza kazi pale alikuwa fundi wa kutengeneza mitungi ya kuchemshia vifaa. Hakuna aliyemfundisha kamera za mapafu. Alijifunza kwa kuzisafisha, kuzifungua, kuzifunga, na kusoma vijitabu vilivyokuja nazo hadi kurasa zikalegea. Mkwe alipofungwa, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Na ni yeye aliyegundua, wiki ile ile ya kwanza, kwamba Mkwe alikuwa anawakataa watoto wao.

Sababu ilikuwa rahisi. Kabla ya kuanza, mtoto akiwa bado hajapewa oksijeni, kibanio kidogo kiliwekwa kwenye kidole cha mguu cha mtoto kupima oksijeni iliyomo katika damu yake. Mkwe alitaka tisini na tatu au zaidi. Itundulo iko mlimani, ambako hewa ni nyepesi. Mtoto mzima kabisa, anayekimbiza mbuzi mashambani, anasoma tisini na moja. Mkwe akaandika: *Mtoto hayuko salama. Apelekwe hospitali ya juu zaidi.* Hospitali ya juu zaidi ilikuwa bondeni, mwendo wa saa nne.

Atuganile aliandika barua kuomba iwekwe sehemu ya kujaza urefu wa mlima. Aliandika nne. Zote zilijibiwa: *Maoni yako yamepokelewa.* Kati ya barua ya tatu na ya nne, msichana wa miaka miwili aliyekataliwa na Mkwe alifia njiani, ndani ya gari la wagonjwa, kabla hawajamaliza kona za mteremko.

Wiki iliyofuata Atuganile alifungua kisahihishi cha kibanio, sehemu ya kurekebishia namba zake, akaongeza tatu. Tisini na moja ikawa tisini na nne. Mkwe akamkubali mtoto. Mtoto akapona.

Alijiambia ingekuwa kwa wiki moja. Lakini mafundi wa hospitali nyingine za mlimani walikuja kujifunza kwake, wakauliza, "Dada Atu, na nyie mnafanyaje? Maana kwetu anakataa wote." Akawaonyesha. Wao ndio walioipa jina, tatu ya mlimani. Sasa vituo kumi na viwili viliitumia, na baadhi ya vijana walioajiriwa karibuni walidhani ni kanuni iliyotoka Kituo Kikuu.

Shida ni kwamba ile tatu haikuishia mlangoni. Ilikaa pale wakati wote Uzi ukiwa ndani. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ina upana wa kidole chake cha mwisho. Uzi ukiingia, anapumua kwa nafasi inayobaki. Oksijeni inashuka, na hilo ni jambo la kawaida. Ikifika tisini, au sekunde zikiisha, Uzi unatoka, mtoto anapumua, unarudi. Usalama wote unategemea kutoka kwa wakati. Kwa miaka kumi na moja, Uzi wa mlimani ulikuwa unatoka kwenye tisini ambayo kwa kweli ilikuwa themanini na saba.

Hakuna mtoto aliyekufa. Lakini oksijeni yao ilichelewa kurudi juu. Atuganile alijua kwa sababu aliandika. Kila mtoto, kabla ya kuongeza tatu, alinakili namba halisi kwenye daftari, na sekunde alizochukua kurudi. Madaftari tisa yalikuwa kabatini, kando ya Uzi wa Tatu, ule wa zamani wenye usukani wa mkono, ambao bado aliusafisha na kuujaribu kila Ijumaa ingawa Sista Bupe alimtania kwamba anaogesha maiti.

Na sasa Mkwe, akiwa amelishwa namba zake mwaka hadi mwaka, alikuwa amekata kauli kwamba watoto wa mlimani ni wavumilivu.

2

Saa nne bibi mmoja aliingia na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya msitu wa misonobari, viatu vyake vimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni Lusubilo. Amemeza njegere ikapita njia siyo."

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Alipumua kwa mluzi, na upande wa kulia wa kifua chake haukuinuka sawa na wa kushoto. Dokta Mgaya, mtu mrefu aliyezoea kuinama mlangoni, alimsikiliza kifua muda mrefu.

"Njegere mbichi au kavu?"

"Kavu. Nilikuwa napepeta za mbegu. Akachota, akatia mdomoni, nikamkemea, akashtuka."

Dokta na Atuganile walitazamana. Njegere kavu hunywa maji. Ikikaa kwenye unyevu wa pafu inavimba, na kadiri inavyovimba ndivyo inavyoziba. Jioni ingekuwa mara mbili ya ukubwa wake.

"Tangu saa ngapi?"

"Jana jioni. Gari hakuna, tukasubiri kuche."

"Leo amekula chochote?" aliuliza Atuganile, kalamu mkononi.

"Hajala."

"Hata chai?"

"Hajala, mwanangu."

Atuganile aliandika. Bibi akatazama kalamu ikitembea. Akamweka mtoto vizuri mapajani, akamfuta pua kwa ncha ya kanga.

"Usiandike," alisema. "Nisikudanganye. Nimempa uji. Saa kumi na moja alfajiri, vijiko viwili, labda vitano. Alikuwa analia njaa, na ile njia ni ndefu."

"Mbona ulisema hajala, bibi?"

"Mwaka juzi jirani yangu alikuja hapa na wa kwake, akasema ukweli, mkamwambia arudi kesho. Mimi kesho yangu nitaitoa wapi?"

Hakusema kwa hasira. Atuganile alikata alichokuwa ameandika. Mtoto mwenye uji tumboni akilazwa kwa dawa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kule kule ilikoingia njegere. Vijiko vitano tu. Na bibi huyu hakuwa mtu mwongo. Alikuwa tu amejifunza nini husemwa mlangoni ili mlango usifungwe.

"Hatutakurudisha," alisema. "Tutasubiri saa moja, hadi saa tano, tumbo litakuwa tupu. Umefanya vizuri kuniambia."

"Ndaga, mwanangu," bibi akashukuru kwa lugha ya kwao, na kwa mara ya kwanza akaegemeza mgongo kwenye kiti.

3

"Nataka kumwambia Mkwe," Atuganile alisema.

Walikuwa kwenye kijichumba cha kusafishia vifaa, yeye na Dokta Mgaya, mlango umerudishwa.

"Umwambie nini?"

"Tatu."

Dokta alifungua bomba akanawa mikono isiyokuwa na uchafu. "Unaijua kanuni. Kituo kikibainika kubadilisha vipimo, Uzi unasimama papo hapo. Siyo hapa tu, kote mlimani."

"Naijua."

"Basi tumtibu mtoto kwanza. Saa sita umwambie. Hata mimi nitakuwa pembeni yako."

Lilikuwa wazo la mtu mwema, na Atuganile aliligeuza kichwani kwa haki. Kisha akamwonyesha orodha ya siku kwenye simu yake. Watoto tisa, Lusubilo akiwemo, vituo kumi na viwili. Wa kwanza, saa nne na nusu, alikuwa mtoto wa miezi minane katika Kituo cha Kilasilo. Sekunde mia moja na arobaini, na tatu juu.

"Mpigie fundi wa kule asitishe."

"Nimempigia. Gwakisa."

"Akasemaje?"

"Amesema, 'Dada, orodha inaendeshwa na Mkwe. Nikiisimamisha lazima nijaze sababu. Nijaze nini?'"

Dokta akamrudishia simu.

"Na mimi sikuwa na cha kumwambia ajaze," Atuganile akasema. "Ipo sababu moja tu."

"Wale wanane wanaweza kusubiri hata mwezi, dada. Ni vikohozi vya muda mrefu, ni uchunguzi. Huyu wetu hawezi kusubiri jioni. Ukiufunga Uzi sasa hivi, unamfungia yeye peke yake."

"Upo wa zamani."

"Ule wa usukani?" Dokta Mgaya alicheka kidogo, bila furaha. "Miaka kumi na moja sijaushika. Tena ni mnene kuliko huu. Utamziba zaidi."

"Utamziba zaidi, ndiyo. Lakini utatoka ukiambiwa utoke. Huu wa saba ukishaingia haunisikii mimi, unazisikia namba. Na namba zake mimi ndiye niliyezivuruga."

"Ungeweza kuondoa tatu leo, kwa huyu tu."

"Nikiondoa, anasoma tisini. Anakataliwa."

Nje, Lusubilo alikohoa, kikohozi kikavu kilichokatika katikati. Wote wawili waligeuza vichwa.

"Watakufukuza," dokta alisema polepole.

"Huenda."

"Na yule msichana wa kwenye kona, yule wa mwaka wa kwanza. Usingeongeza tatu, wangapi wangekwenda kama yeye? Ulifanya vibaya?"

Alilifikiria. Halikuwa swali jipya. Amelala nalo miaka mingi. "Siku ile sijui. Nadhani hapana. Lakini ilikuwa ya siku ile, dokta. Mimi nikaiacha ikakaa."

Dokta Mgaya alifunga bomba. Alitazama mikono yake, akakunja vidole na kuvikunjua, kama mtu anayejaribu glavu.

"Kautoe huo wako wa Ijumaa," alisema.

4

Saa nne na dakika ishirini na mbili Atuganile aliketi mbele ya kioo. Alikuwa amefikiri angeandika maelezo marefu. Aliandika hivi:

*Mimi ni Atuganile Mwakalinga, fundi wa Itundulo. Kwa miaka kumi na moja nimeongeza tatu kwenye kipimo cha oksijeni cha kila mtoto, na nimewafundisha mafundi wa vituo kumi na kimoja kufanya hivyo. Hawakujua ubaya wake. Watoto wa mlimani hawana uvumilivu mkubwa kuliko wengine. Nilikuwa nawadanganya ili muwakubali. Tafadhali msitishe sekunde mia moja na arobaini. Kuna mtoto anaanza saa nne na nusu.*

Akabonyeza. Kwa muda hakuna kilichotokea, hata akadhani atapata tena yale maneno ya kupokelewa kwa maoni. Kisha taa ya sanduku la Uzi ikazimika, na kioo kikaandika mstari mmoja:

*Uzi umesimamishwa katika vituo kumi na viwili.*

Simu yake ikalia. Ilikuwa ni Gwakisa. "Dada Atu! Umezimika! Mtoto yuko mezani, hajapewa dawa bado. Kuna nini?"

"Mrudishe kwa mama yake," alisema Atuganile. "Mwambie leo haiwezekani. Na kwenye sababu andika jina langu."

5

Saa tano kamili Sista Bupe alimpa Lusubilo dawa. Mtoto alikuwa amemshika kidole akimsimulia habari za mbwa, na akalala kabla mbwa hajafika mtoni.

"Tisini na sita, kwa oksijeni ya puani," Atuganile alisoma. Kisahihishi kilikuwa kwenye sifuri. Alikuwa amekiangalia mara nne. "Ya kweli."

"Ya kweli," Sista Bupe alirudia. "Jamani, mkwe hayupo, tunaweza kuvua viatu."

Dokta Mgaya aliinama. Mkono wa kushoto ulishika usukani, wa kulia ukasukuma polepole. Kwenye kioo kidogo cha zamani palionekana pua, kisha koo, kisha milango ya sauti, myeupe, ikifunguka na kujifunga. Alinyunyiza dawa ya ganzi. Akasubiri. Akapita.

"Tisini na nne," Atuganile alisema. "Tisini na tatu."

Pete za bomba la hewa zilipita moja moja. Njia ikagawanyika. Upande wa kulia, mahali palipotakiwa kuwa na giza la wazi, palikuwa na kitu cha mviringo, cha kijani kilichofifia, kinang'aa kwa ute.

"Mwenyewe huyo," dokta alinong'ona. "Amenenepa."

"Tisini na moja. Tisini. Toa."

"Naiona kabisa, dada. Sekunde kumi."

"Toa, dokta."

Alitoa. Sekunde thelathini na nane Uzi ulikaa ndani. Lusubilo alipumua, namba ikapanda, tisini na nne, tisini na sita, bila kuchelewa. Atuganile aliandika sekunde za kurudi: kumi na saba. Hakuwahi kuandika kumi na saba katika daftari lolote kati ya yale tisa.

Mara ya pili kikapu cha waya kiliigusa njegere, kikateleza. Mtoto akakohoa ndani ya usingizi na milango ya sauti ikabana kuzunguka Uzi. Namba haikushuka kwa hatua, ilidondoka. Tisini na mbili, themanini na nane, themanini na nne.

"Toa!"

Uzi ulikuwa umeshatoka. Sista Bupe alikuwa na barakoa usoni pa mtoto, anabana mfuko kwa mkono, taratibu. Hakuna aliyefanya utani. Themanini na tatu. Themanini na tatu. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau.

Atuganile alikuwa anaifahamu hali hii kwa namba, miaka yote, lakini kibanio kilikuwa kikisema themanini na sita, na themanini na sita haitishi sana. Sasa aliiona kama ilivyokuwa.

"Themanini na tano," alisema. "Tisini. Tisini na nne."

Walimwacha apumue dakika tano nzima. Dokta Mgaya alinyoosha mgongo, jasho likimtiririka sikioni, akasema, "Ule wa saba ungeendelea, siyo?"

"Kwenye themanini na nane ungeona tisini na moja, na njegere iko karibu. Na una ruhusa ya mia moja na arobaini. Sijui, dokta. Ungeweza kuendelea."

"Haya. Nisomee."

Mara ya tatu hakuikimbilia. Alipitisha kikapu kando ya njegere, nyuma yake, akakifungua huko, akakirudisha kama anavyovuta mtu wavu. Atuganile alisoma kwa sauti ile ile, tisini na tano, tisini na tatu, tisini na mbili, na alipofika tisini na moja dokta alisema, "Ninayo. Natoka nayo," na vyote vikatoka pamoja, Uzi, kikapu na njegere, pua ya mtoto ikachuruzika damu kidogo, na ndani ya sahani ya chuma kitu kidogo kikaanguka na kugonga.

Ganda lake lilikuwa limeanza kupasuka.

Kifua cha Lusubilo kiliinuka, kulia na kushoto, pamoja. Sista Bupe aliweka kiganja juu yake akakiacha hapo.

"Maiti yako imeamka, dada Atu," alisema.

6

Bibi aliruhusiwa kuingia mtoto alipoanza kufungua macho. Waliweka njegere kwenye kipande cha pamba wakampa. Aliigeuza, akaitazama, akaitazama na ile sahani ya chuma.

"Kitu chenyewe ndicho hiki?"

"Ndicho, bibi. Atakaa nasi hadi kesho. Pua itamtoka damu kidogo, na anaweza kupata homa jioni. Ikija, tutaiona, tutakwambia."

"Na uji?"

"Baada ya saa mbili. Koo lake bado lina ganzi."

"Saa mbili," bibi alisema. Alifikiri. "Basi nitakaa nje. Nikikaa hapa atanililia, nitampa."

Atuganile alirudi kwenye chumba cha mapafu kukusanya vitu vyake, maana aliona ni busara kuanza mapema. Alitoa madaftari tisa kabatini akayapanga mezani kwa miaka. Ndipo alipoona kioo kimewaka. Taa ya sanduku la Uzi ilikuwa bado imezimwa, lakini kulikuwa na maandishi, na hayakuwa ya hongera wala ya maoni kupokelewa.

*Sekunde mia moja na arobaini zimefutwa katika vituo vyote. Je, namba za awali, kabla ya kuongeza tatu, zipo?*

Aliketi. Akaandika: *Zipo. Watoto elfu moja mia nne na kumi na sita wa Itundulo. Nina sekunde zao za kurudi pia.*

Jibu lilichukua muda. Labda kulikuwa na mtu upande wa pili, labda watu kadhaa wamesimama nyuma ya kiti kimoja. Hakujua.

*Suala lako litasikilizwa. Hilo linabaki. Wakati huo tunaomba namba hizo zote, ukurasa kwa ukurasa, na za mtoto wa leo.*

Atuganile alifungua daftari la kwanza. Mtoto wa kwanza: tisini na moja. Aliinua simu apige picha ya ukurasa, na kioo kikaongeza mstari mwingine, na chini yake nafasi tupu ya kujaza, ambayo katika miaka kumi na moja hakuwahi kuiona.

*Kituo chako kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari?*

Kupitia ukuta alimsikia Lusubilo akidai uji kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini, na Sista Bupe akimwambia kwanza amalize habari za mbwa.

Aliandika: *2,240.*

Akaisoma tena kabla ya kuituma. Hakuongeza kitu.